Mkeka Usio na Jina

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasuka mikeka. Kwetu Likawage ukindu ni kazi ya kina mama. Wanaume hutafutwa kwenye mashamba ya ufuta na korosho. Yeye alianza utotoni, amekaa ubavuni kwa bibi, na hakuacha hata alipobaleghe. Watu walimwita majina. Lakini harusi ikikaribia, haohao walibisha hodi usiku kuagiza mkeka wa bibi harusi, kwa sababu hakuna aliyejua kupanga rangi kama yeye.

Siku moja tukipepeta ufuta uani aliniambia, "Dada, mimi sitaoa. Moyo wangu hauko kwa wanawake. Usiniulize tena." Sikumuuliza tena. Nilidhani kunyamaza kunatosha.

Mwaka 2019 nilikuwa nafanya kazi kwenye taasisi ndogo ya sanaa Dar es Salaam. Mfadhili alitaka tuwafikie wasanii waliotengwa, nami nikamtaja. Warsha ya siku 5, nauli, posho, na maonesho mwishoni. Alipanda basi Nangurukuru na mikeka 6, ameiviringisha na kuifunga kwa kamba ya ukili.

Siku ya 4 tulimwonesha bango. Lilikuwa na uso wake, jina lake, na sentensi moja iliyosema anampenda nani. Mkeka haukuwepo hata mmoja.

Alilitazama kwa muda mrefu. "Dada, nyie mkimaliza mtarudi ofisini. Mimi nitarudi wapi?"

Hakuwa anaogopa maneno ya watu tu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga mtu kama yeye maisha. Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alikuwa ametangaza kamati ya kuwasaka mashoga, akawataka wananchi wapeleke majina. Serikali ilisema hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Hofu haikusikia kanusho hilo.

Bango hatukulitundika. Lakini picha yake ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la washiriki, na aliyeituma ni mimi. Ilifika Likawage kabla yake. Miezi 3 hakulala kwa bibi.

Tangu hapo naifikiria sana filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2018. Mahakama ikaruhusu ioneshwe siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kisha marufuku ikarudi. Zile siku 7 zilikuwa ushindi, sibishi. Ila msanii anaishi pia siku ya 8, na ya 9, na taasisi zetu nyingi hupanga bajeti ya zile 7 tu.

Nikiulizwa leo taasisi ya sanaa ifanye nini, majibu yangu ni madogo. Muulize msanii, mwache alale, kesho yake muulize tena. Mlipe siku ya kazi, usisubiri ripoti. Piga picha kazi yake, uso uache. Ripoti isibebe jina wala kijiji. Tenga nauli ya kuondoka ghafla. Mjue wakili mmoja na muuguzi mmoja wanaoweza kupokea simu usiku. Halafu nunua kazi yake kwa bei yake, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mtu mwenye kipato chake hafukuzwi kirahisi.

Ofisi yetu sasa hununua mikeka yake kila msimu. Kwenye risiti tunaandika: mkeka, ukindu, futi 6 kwa 4. Basi.

Insha hii ameisoma kabla yenu. Amenitaka nibadilishe mambo mawili ili asijulikane, nami nimebadilisha. Kijiji amekataa kisiondolewe. "Andika Likawage," alisema. "Wasije wakadhani tunaletwa kutoka nje."

Mara ya mwisho nilipomtembelea alinitandikia mkeka mpya, akanikaribisha nikae. Kisha akanyoosha mkono kuomba simu yangu. Nilimpa. Akaiweka juu ya kabati, akarudi kukaa, na hapo ndipo tukaanza kuongea.