Bukari au Ugali?

Mgahawa wa mama hauna kibao wala orodha ya vyakula. Una meza nne, mabenchi, paa la bati na majiko mawili ya makala nyuma ya ukuta wa matofali. Mteja akiingia, mama humpelekea maji ya kunawa, kisha humtajia kilichopo: "Iko mikebuka, iko ndakala, iko sombe. Bukari iko ya moto." Hiyo ndiyo orodha, na hubadilika kwa kufuata mwezi. Wavuvi wetu wa Kalemie hutoka usiku na taa, na ndakala huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, taa haziwavuti tena, samaki hupungua, na mama hutaja maharage na lenga-lenga.

Karo yangu inatoka hapo, sahani moja baada ya nyingine. Hata hivyo, miaka miwili ya kwanza kitivoni, mtu akiniuliza kazi ya mama, nilijibu kwamba anafanya biashara. Sikusema uongo. Nilichagua tu neno lisilonuka moshi.

Mwaka jana, baada ya mtihani wa fonolojia, wenzangu watatu walitaka tukale pamoja. Mmoja wao amekulia Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa amesikia kwamba karibu na bandari kuna mama anayepika sombe nzuri kuliko wote. Nilijua anasemwa nani. Nikakosa namna ya kukataa bila kueleza, tukaenda.

Mama alifurahi mno. Alipangusa meza mara mbili. Sombe ilikuwa imetwangwa asubuhi na kuchemka saa nyingi, mawese yakielea juu. Mikebuka walikuwa wamekaangwa mpaka mapezi yakawa yanavunjika mdomoni. Bukari alikuwa ameusonga kwa unga wa muhogo na wa mahindi pamoja, kama afanyavyo siku zote, kwa sababu muhogo peke yake huvuta sana na mahindi peke yake hukatika. Mwenzetu wa Kigoma alionja, akatulia, akaonja tena. Akasema kwao majani yale huitwa kisamvu. Kisha akaonyesha sahani nyingine: "Na huu, mama, mnauitaje?"

"Ni bukari, baba."

Nikadakia: "Ugali, mama. Kwa Kiswahili ni ugali."

Sikusema kwa ukali. Nilisema kama tunavyosahihishana darasani. Wenzangu waliinamia sahani zao. Mama alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, papa. Ugali," akarudi jikoni.

Siku zilizofuata alimwambia kila mteja, "Ugali iko ya moto." Mpakizi mmoja wa bandarini alicheka: "Mama, leo tumevuka, tuko Kigoma?" Mama hakucheka. Alimjibu kwamba mtoto wake anasoma lugha chuoni, na yeye ndiye anayejua. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikiosha sahani. Nilisikia kila neno, nikanyamaza.

Wiki kadhaa baadaye, katika somo la isimu linganishi, mwalimu aliandika ubaoni maneno manne: ugali, ubugari, ubwali, bukari. La kwanza ni la Kiswahili sanifu, la pili la Kinyarwanda, la tatu la Kibemba, la nne la kwetu. Akauliza ni lipi lililoyazaa mengine. Wengi tulisema ugali. Akatikisa kichwa. Yote ni ndugu, alisema, yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kibantu. Kiambishi cha kale cha ngeli ya 14 ni bu-. Kinyarwanda na Kibemba vimekihifadhi, na bukari vilevile. Kibemba kimepoteza konsonanti ya mzizi. Kiswahili sanifu kimedondosha b ya kiambishi, kikabaki na u-.

Nililitazama lile neno la nne mpaka mwalimu akalifuta. Katika kiambishi kile, mama ndiye aliyekuwa ametunza kilichopotea kwangu. Nilikuwa nimemsahihisha kwa jina la kitivo, na kitivo chenyewe hakikuwa upande wangu.

Mwalimu hakuishia kwenye jina. Alitukumbusha kwamba unga wenyewe ni mgeni. Muhogo ulitoka Amerika Kusini. Mahindi yalianza kulimwa Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, na sisi tukayapa jina linaloelekeza India. Kabla ya hapo chakula hiki kilisongwa kwa unga wa mtama au ulezi. Kwa hiyo jina bukari, pamoja na ndugu zake, ni la zamani kuliko unga tunaousonga leo. Huko Mexico wasemaji wa Kinahuatl walikuwa na mkate wao mwembamba wa mahindi, wakiuita tlaxcalli. Wahispania waliuteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, wakauita mkate huo tortilla, yaani keki ndogo katika lugha yao, na jina hilo ndilo dunia inalolijua. Mwaka 2010 UNESCO iliyaingiza mapishi ya jadi ya Mexico katika orodha ya urithi wa ubinadamu. Nilijiuliza ni mama wangapi wa kule waliosahihishwa mezani kwao kabla ya kufika siku hiyo.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya historia ya neno. Hata kama bukari lingekuwa limezaliwa jana sokoni, kosa langu lingebaki palepale. Mgeni aliuliza chakula kinaitwaje, na mwenye kukipika alikuwa amejibu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda saa ya wateja, nikakaa kwenye benchi kama wao.

"Kuna nini leo, mama?"

"Mikebuka iko. Sombe iko. Ugali iko."

"Naomba bukari."

"Bukari imeisha," alisema, uso mkavu kabisa.

Nikamfuata jikoni, nikamweleza habari ya ubao, ya maneno manne na ya ile b. Nikamwomba msamaha kwa yale niliyoyasema mbele ya wageni. Aliendelea kusonga, mwiko ukigonga sufuria, mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo mwalimu wako anasema mimi najua?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa najua."

Akapakua tonge kubwa, akalilaza kwenye sahani kando ya sombe, akaniambia nile kabla halijapoa. Mpakizi yule alipoingia, alimtajia kilichopo kwa maneno yake ya zamani. Alilisema neno bukari kwa sauti kubwa kuliko mengine, bila kunitazama.

Siku hizi nikiulizwa kazi ya mama, nasema anapika: bukari, sombe na mikebuka, karibu na bandari. Karibuni. Mkija mwezi ukiwa mpevu, ulizieni maharage.