Karo Yangu Ilitoka Kwa Udongo

Kila wiki kuna mtu ananiuliza kwa komenti kwa nini niliacha chuo mwaka wa tatu. Nimejibu vitu tofauti tofauti, vingine vya kuchekesha tu. Leo sitaongea kuhusu kuacha. Nataka kuongea kuhusu nani alilipia ule muda niliokaa huko, kwa sababu nimekuja kugundua sikuwahi hata kuuliza.

Jibu ni ekari mbili za shamba huko Lugari, kaunti ya Kakamega.

Mkopo wa chuo ulikuwa unagusa karo tu, na mathe akaamua kukodisha shamba ili nipate pesa ya nyumba na chakula. 10,000 kwa ekari kwa mwaka. Kwa hivyo 20,000, inaingia M-Pesa Februari, Aprili hata sijui ilienda wapi. Tulifanya hivyo miaka mitatu. Mimi niko Nairobi, najua pesa hutoka ocha, kama vile ocha ni benki.

Aliyekodi ni jirani mwenye trekta. Alipanda mahindi juu ya mahindi, DAP kila mwaka, na akishavuna anabeba mpaka mabua kwenda kulisha ng'ombe wake. Mwaka wa tatu, 2023, alipata gunia 14 kwa ekari zote mbili. Akamwambia mathe hatarudi, shamba limechoka. Enzi za babangu ekari moja peke yake ilikuwa inatoa gunia 20.

Nilikasirika sana, nusura nimtengenezee video. Halafu nikakaa chini nikapiga hesabu yake. Alikuwa na makubaliano ya mwaka mmoja mmoja. Akiweka samadi au chokaa leo, faida inakuja mwaka wa pili na wa tatu, na hajui kama mwaka wa pili shamba litakuwa lake au la mtu mwingine. Yaani angekuwa anatoa pesa kwa mfuko wake anaweka kwa mfuko wa mathe. Wewe ungefanya hivyo? Mimi singefanya. Na tukisema ukweli, buda pia alitumia DAP tangu kabla nizaliwe. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na ng'ombe na samadi. Tulipouza ng'ombe, samadi ikaisha, na hakuna mtu aliandika hiyo hasara mahali popote.

Naomba dakika moja ya sayansi, usitoroke. Desemba hiyo nilirudi nyumbani, nikachukua ndoo na jembe, nikazunguka shamba nikichota udongo hapa na pale, nikachanganya, nikapeleka nusu kilo kupimwa. 1,500. Majibu yalikuja pH 4.8. Mahindi hutaka angalau 5.5 hivi. Ikishuka chini ya hapo, madini ya alumini yanaachiliwa ndani ya udongo, yanaumiza mizizi, na yanashika fosforasi kiasi kwamba mmea hauwezi kuivuta. Sasa DAP ni nini? Ni fosforasi na nitrojeni, na ile nitrojeni yake ni ya aina ambayo ikibadilika ndani ya udongo huongeza asidi. Umeona hiyo mchezo? Unanunua fosforasi, udongo unaifungia. Mwaka ujao unanunua nyingine, na asidi inapanda tena. Ni kama kununua tokeni za stima kwa mita ya jirani.

Dawa ya asidi ni chokaa ya shambani, si ile ya kupaka ukuta. Hapo ndipo pesa ilianza kuongea.

Nilikuwa nimelipwa doo yangu ya kwanza ya maana kwa tangazo. Chokaa gunia 20 kwa ekari, jumla 40, kila moja 350. Hiyo ni 14,000. Lori 6,000, kwa sababu chokaa ni mawe yaliyosagwa na unalipia uzito kila kilomita. Vijana wa kumwaga na kulichanganya na udongo 4,000. Jumla 24,000. Mathe aliniangalia kama mtu amerogwa. Ndugu yangu mdogo alikuwa anaingia kidato cha kwanza mwezi huo huo. "Baba, hiyo pesa ni ya shule," aliniambia. Jirani mmoja alipita akakuta shamba limekuwa jeupe, akauliza kama siku hizi tunapanda unga.

Nikamwahidi mathe kwamba tukivuna itarudi. Sikuwa nimesoma vizuri. Chokaa inachukua muda kufanya kazi. Mavuno ya 2024 tulipata gunia 18. Zile nne za juu, kwa 3,000 kila gunia, ni 12,000. Nusu ya nilichotoa. Na kumbuka zile 20,000 za kukodisha hazikuingia mwaka huo, na mbolea, mbegu na palizi tulilipa wenyewe. Januari 2025 ndugu yangu alirudishwa nyumbani karo, akakaa wiki mbili. Alikuwa anaketi nje akitazama hilo shamba, hasemi kitu. Hizo wiki mbili ndizo sijawahi kuweka kwa video yoyote.

Mwaka jana, 2025, tulivuna gunia 26. Hizo ni 12 juu ya zile 14 za mwisho, yaani 36,000. Ukijumlisha miaka miwili, 48,000 kwa 24,000 nilizotoa. Najua mtasema ni mvua. Lakini chokaa iliisha kabla tufike kwa ua, kukabaki kipande kama hatua kumi hivi bila kitu. Mbegu ile ile, mbolea ile ile, mvua ile ile, na mahindi ya hapo yalikuwa yananifika kiunoni wakati mengine yamenipita kichwa. Kila mgeni akija mathe anampeleka hapo kwanza, kabla hata ya chai.

Kwa hivyo kurudisha udongo kunalipa. Shida ni kwamba hakulipi kwa tarehe ambayo shule inataka. Mei 2024 kulikuwa na mkutano mkubwa wa Afrika kuhusu mbolea na afya ya udongo hapa KICC. Viongozi walikubaliana kuongeza uzalishaji na usambazaji wa mbolea mara tatu, na kurejesha afya ya angalau asilimia 30 ya udongo ulioharibika, yote ifikapo 2034. Sawa. Lakini nikiwa nimesimama pale Lugari swali langu lilikuwa moja tu, ule mwaka wa kwanza nani anaulipia? Mbolea ya ruzuku ilishuka hadi 3,500 mwaka wa 2022, kisha 2,500 mwaka wa 2023, na ilisaidia watu wengi, mathe akiwa mmoja wao. Mbolea unaiona mwaka huo huo. Chokaa unasubiri, na huku karo haijui kusubiri. Mimi nilikuwa na pesa ya tangazo. Mama wa boma la pili hana.

Wewe uko Umoja au Pipeline unasoma hii, pengine kuna ekari mahali zinakutumia pesa ya rent na hujawahi kuuliza zinaendeleaje. Siku moja piga simu uulize.

Sasa sikia hii. Wiki iliyopita yule jamaa wa trekta amerudi. Ameona mahindi. Anataka ekari zote mbili, na bei aliyosema ni 10,000 kwa ekari. Bei ile ile. Shamba lililokufa 10,000, shamba lililofufuka 10,000, kwa sababu huko kwetu bei ya kukodi inategemea kama trekta inafika na kama iko karibu na barabara, hakuna mtu anauliza pH.

Mathe amemwambia 14,000, na miaka mitatu kwa maandishi, na mwaka wa pili amwage chokaa kwa gharama yake, ipunguzwe kwa kodi. Na mabua nusu yabaki shambani. Jamaa alicheka, akasema atafikiria. Ndugu yangu anarudi shule Jumatatu, kidato cha tatu, na mathe amenipigia mara mbili leo kuuliza kama nimelipwa tangazo lolote.