Zanana: Saa ya Wanawake Sinemani

Mgeni afikaye Vuga, Unguja, hulikuta jumba la Majestic, lililojengwa 1955 baada ya lile la awali kuteketea kwa moto. Zamani sinema za mji huu zilikuwa na zanana, maonyesho ya wanawake pekee. Bibi zetu walijitanda buibui wakaenda kutazama filamu za Kihindi pasipo kuchanganyika na wanaume. Iliyopendwa mno pwani ni Awaara ya Raj Kapoor, ya 1951: jaji amfukuza mkewe mjamzito kwa dhana tu, na mwana akakua mwizi. Sura ya Al-Hujurat imetuonya na dhana hiyo hiyo. Basi waanzishao jumuiya za filamu, iwe Unguja au Kakamega, na watenge zanana, kisha pawe na mazungumzo. Stara haikuwanyima bibi zetu sinema.