Ua la njano la Bunyore: Chai yake ni ya sukuma wiki, si ya mtoto mwenye homa

Ukipanda matatu Kisumu kuelekea Busia baada ya mvua, omba kiti cha dirishani. Ukishapita Kisian, pale barabara ya Bondo inapochepuka, gari huanza kupanda mlima kwenda Maseno, na kandokando ya barabara kunageuka njano tupu. Ni maua yanayofanana na alizeti, ila ni madogo zaidi, yamesimama juu ya vichaka vinavyomzidi mtu kimo. Yamefunika mitaro, yamezunguka maboma, yameteremka hadi mtoni.

Barabara hii nimeipita tangu nikiwa mtoto wa kupakatwa ili kuokoa nauli. Kila mara abiria mmoja mgeni husema, "Huku kwenu kunapendeza jamani." Na kila mara mwenyeji mmoja hujibu, "Kunapendeza ukiwa ndani ya gari."

Kisian yenyewe inajulikana na kila anayeandika habari za afya nchini. Hapo ndipo kilipo kituo cha KEMRI ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichunguza malaria. Novemba niliyopita hapo nilikuwa likizoni, nikienda kumwona nyanya upande wa Luanda, kaunti ya Vihiga. Sikutarajia kwamba siku mbili baadaye malaria ingenifuata hadi jikoni kwake.

Mmea wenye majina ya uchungu

Kitaalamu mmea huu huitwa tithonia, na wengine huuita alizeti mwitu. Waluo wa huku chini husema maua makech. Waluhya wa huku juu husema maruru au amalulu. Majina yote yanataja jambo moja: uchungu. Chuma jani, litafune kidogo, nawe utakubali kwamba waliolipa jina hawakukosea.

Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kama ua la kupamba nyumba, ukatoroka bustanini. Mbegu zake ni nyepesi, hupeperushwa na upepo na kubebwa na maji. Hata kipande cha shina ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu huchipua. Ndiyo maana watu wa Magharibi waliupenda kwa uzio: hununui mche, hujengi seng'enge. Unakata kwa jirani, unachomeka, na msimu ukiisha boma lako lina ukuta wa kijani wenye maua.

Siku ya kwanza nilimkuta nyanya akiwa na panga, akikata uzio wake. "Mulembe, mjukuu wangu. Njoo unisaidie kubeba," akasema kabla sijatua begi.

Tulibeba majani mpaka kwenye bustani yake ya sukuma wiki na kunde nyuma ya jiko. Mengine aliyakatakata akayafukia katikati ya mistari. Mengine aliyatia kwenye pipa la maji. "Hii ni chai ya mboga," akaniambia. "Nitaikoroga kila siku chache. Baada ya wiki mbili naichanganya na maji na kumwagilia. Uliza wanaonunua sukuma yangu kama nimewahi kununua mbolea ya kukuzia."

Nyanya hakubuni jambo hili. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICRAF pamoja na wenzao wa KEFRI na KARI walifanya kazi na wakulima wa maeneo haya ya Maseno na Vihiga, wakapima majani ya tithonia. Waligundua kwamba kila kilo 100 za majani makavu zina karibu kilo 3.5 za nitrojeni na zaidi ya kilo 4 za potasiamu. Zaidi ya hayo, majani huoza upesi yakifukiwa, kwa hiyo mboga hazingoji sana. Kwa fosforasi, ambayo udongo wa huku unaihitaji mno, majani peke yake hayatoshi, na wakulima wengine walifundishwa kuyachanganya na mbolea ya mawe ya Minjingu kutoka kaskazini mwa Tanzania.

Kasoro yake ni jasho. Majani mabichi yana maji mengi, kwa hiyo ili kulisha ekari ya mahindi utakata na kubeba mpaka mgongo ukatae. Wengi waligundua kwamba inalipa kwenye vipande vidogo vya mboga za kuuza, si kwenye shamba kubwa la mahindi.

Jirani asiyetaka hata kuuona

Ng'ambo ya kijito anaishi mwalimu mstaafu aliyemfundisha baba yangu. Nilipomsifia maua yaliyozunguka boma lake alinitazama kama mwanafunzi aliyekosa hesabu nyepesi.

"Wewe unaona maua. Mimi naona shamba la marehemu kaka yangu," alisema.

Alinipeleka nikaone. Kaka yake alipofariki, watoto walikuwa Nairobi, na shamba likakaa misimu michache bila jembe. Mahali palipokuwa na mahindi na maharagwe sasa pana msitu wa tithonia uliosongamana hata mbuzi hapiti. Chini yake hakuna nyasi. Mitishamba ambayo mama yake mwalimu alikuwa akichuma kando ya kijito haionekani tena. Alilipa vijana wakafyeka, wakaacha mashina yamelala kwenye matope, na mvua iliyofuata mashina yale yakaota.

"Mpaka wangu na nyanya yako ni maji haya tu," akasema akionyesha kijito. "Yeye akikata kabla maua hayajakauka, nashukuru. Akichelewa, mbegu zinakuja kwangu."

Kijana anayefuga nyuki hatua chache kutoka hapo ana maoni yake. Yeye hataki mtu akate chochote maua yakiwa yamechanua, kwa sababu nyuki wake huyaparamia asubuhi kutwa. Mama mmoja anayeuza miche ya maua kando ya barabara aliniambia kwa kicheko kwamba wateja kutoka mjini humwomba awauzie tithonia. "Nawaambia wachukue bure, lakini wasirudi kunilaumu."

Basi ndivyo ulivyo mmea huu. Uliza watu wanne, upate majibu manne, na wote wanne wanasema kweli.

Usiku wa homa

Usiku wa pili mtoto wa binamu yangu, mvulana wa miaka mitatu anayeishi na nyanya, aliamka akitetemeka. Nilipomgusa shingoni, alikuwa anawaka. Binamu yangu alikuwa kazini Kisumu. Alfajiri nilipotoka kutafuta maji, nilimkuta nyanya kwenye uzio akichuma majani machanga na kuyaweka kwenye sufuria.

Nilijua anachofanya. Nami niliwahi kushikwa pua nikanyweshwa maji yale ya uchungu, hapa hapa, nikiwa na umri wa miaka sita hivi.

"Nyanya, hayo ni ya nini?"

"Ya mtoto. Ana malaria."

"Hatujui kama ni malaria. Tumpime kwanza."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema bila hasira, "Wewe nilikunywesha haya haya. Mbona uko hapa unanifundisha?"

Mzazi mwenzangu, nimehudhuria semina nyingi za malaria na sikuwahi kusikia swali gumu kuliko hilo. Nyanya aliyelea watoto saba na wajukuu nisioweza kuwahesabu ananiuliza ushahidi, na ushahidi wake ni mimi.

Nilimjibu nilivyoweza, na ndivyo ninavyokujibu wewe unayesoma. Si kila homa ni malaria. Homa nyingi za watoto husababishwa na virusi na huisha zenyewe baada ya siku chache. Mtoto wa namna hiyo akinyweshwa majani, majani ndiyo yanayopewa sifa. Lakini yule mwenye malaria kweli hana siku za kusubiri. Malaria inayoenea kwetu inaweza kumgeuza mtoto mdogo kutoka homa hadi degedege au upungufu mkubwa wa damu kwa muda mfupi sana.

Nyanya hakuwa mjinga hata kidogo. Majani ya tithonia yana kemikali ambazo maabarani zimeonyesha uwezo wa kupambana na vimelea vya malaria. Hata dawa tunayotumia leo ina asili ya mmea: artemisinini hutoka kwenye artemisia, na mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Tofauti ni kwamba dawa ile ilisafishwa, ikapimwa kwa watu na ikawekewa kipimo cha kila uzito. Maji ya sufuria hayana kipimo. Na majaribio ya panya wa maabara waliopewa dondoo ya tithonia yalionyesha madhara kwenye ini na figo. Ini na figo za mtoto wa miaka mitatu si za kujaribia.

Sikumnyang'anya sufuria. Nilimwomba saa moja tu. Nilimpigia simu mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, mama anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Alikuja na begi lake, akamtoboa mtoto kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka. Tulikaa kimya tukisubiri, nyanya akiwa amemshika mtoto. Mistari miwili ikatokea. Ilikuwa malaria.

"Nilikuambia," nyanya akasema.

Ni kweli, alikuwa ameniambia. Alijua ugonjwa, ila hakuwa na dawa yake. Mhudumu alimpa mtoto vidonge vya AL kulingana na uzito wake, akatueleza ratiba ya siku tatu: dozi sita, kila moja baada ya kula au kunywa maziwa, na zote zimalizwe hata kama mtoto ameanza kucheza. Akampa na dawa ya kushusha homa. Siku iliyofuata jioni yule mvulana alikuwa akimkimbiza jogoo.

Baadaye, tukichambua kunde, nyanya aliniambia jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. "Wakati wa baba yako, hospitali ilikuwa mwendo wa nusu siku na mtoto mgongoni. Huyu mama mwenye begi hakuwapo. Ningefanya nini na uzio uko mlangoni?" Sikuwa na la kusema. Nilijifunza kwamba wazee wetu hawakuchagua majani mbele ya dawa. Walichagua majani mbele ya mikono mitupu.

La kufanya na mmea, la kufanya na mtoto

Kama unayo tithonia nyumbani, au unaitamani, haya ndiyo niliyokusanya kwa wenyeji wa Bunyore:

Ikate kabla maua hayajakauka na kutoa mbegu. Fukia majani laini kwenye mboga, na mashina magumu yakaushe juani au uyafanye kuni. Usiyaache kwenye udongo wenye unyevu.

Usiipande kando ya mto au mtaro. Maji hubeba mbegu hadi kwa jirani ambaye hakukutuma.

Miche ikiota shambani, ing'oe ikiwa michanga. Ikishakuwa kichaka, utahitaji jembe, vijana na subira.

Kama una shamba la urithi ambalo hakuna anayelilima, afadhali umpe jirani alilime kuliko kuliachia ua hili.

Na kwa mtoto mwenye homa:

Apimwe siku hiyo hiyo, hasa kama unaishi ukanda wa ziwa au pwani, au mmetoka kusafiri huko. Wahudumu wengi wa afya ya jamii huku Magharibi wana vipimo vya malaria na dawa.

Mpeleke hospitalini mara moja, usiku au mchana, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka.

Alale ndani ya neti yenye dawa kila usiku. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019 katika maeneo ya ukanda wa ziwa. Uliza kliniki kama mtoto wako anastahili. Hata aliyechanjwa bado anahitaji neti, na akipata homa bado anahitaji kupimwa.

Na ukiwa na mama au nyanya anayeamini majani, usimkaripie mbele ya mtoto. Mwombe saa moja, na uitumie saa hiyo kupima.

Wiki mbili baada ya kurudi Nairobi nilipiga simu. Mvulana ni mzima. Mwalimu mstaafu alikuwa amevuka kijito kumshukuru nyanya kwa kukata uzio mapema. Nikauliza kuhusu lile pipa.

"Chai imeiva," nyanya akasema. "Jana nimeimwaga yote kwa sukuma wiki." Kisha akaongeza, "Namba ya yule mama mwenye begi nimeiandika ukutani, juu ya kitanda cha mtoto."