Mkutubi, Mchumba na Kufuli Mbili

Vikao viwili vya harusi vimeshaahirishwa nyumbani kwetu, na chanzo si mahari wala ukumbi. Ni kabati la vitabu.

Mdogo wangu alimaliza Chuo cha Ukutubi Bagamoyo, akapangiwa shule moja ya sekondari upande wa Mikumi, wilayani Kilosa. Mchumba wake yuko Dar, ana kazi nzuri, na alishaanza kumhangaikia uhamisho. Binti akasema hapana, nipeni mwaka mmoja. Basi bwana, mawifi watarajiwa wakapata jibu lao: huko Mikumi kuna mtu.

Nikafunga safari. Treni ya umeme hadi Kilosa, kisha gari kwenda Mikumi kwa njia inayopita Ulaya (ndiyo, Kilosa wana Ulaya yao, na haihitaji viza). Nilitaka nimwone huyo "mtu".

Nikaonyeshwa kabati lenye kufuli mbili. Ndani vitabu vimejaa, vingine kurasa bado zimeshikana. Aliyevitunza kabla yake hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu. Kila kitabu kina mhuri, na kikipotea yeye ndiye wa kuulizwa. Dawa ikawa kutoazimisha kabisa. Wakaguzi wakija hesabu inatimia, watu wanapongezana. Kwangu mimi hapo ndipo penye kasheshe ya maktaba zetu: tunahesabu vitabu, wasomaji hatuwahesabu.

Na hatukuanza vibaya. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alifungua Maktaba Kuu pale Dar. Kisomo cha watu wazima nacho kikafuata, wazee wetu wakajua kusoma. Wasome nini? Hapo ndipo tulipolegea.

Mdogo wangu alifungua kufuli, akaweka daftari la kuazima, akamwambia mkuu wa shule: kikipotea, nikatwe mimi mshahara. Halafu akaomba kipindi cha kusoma kiingie kwenye ratiba. Walimu wa hesabu wakaja juu. Mtihani wa Kidato cha Nne huo, hadithi za nini? Akabanana nao. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika Kidato cha Kwanza fizikia inamjia kwa Kiingereza. Swali lenyewe haelewi linauliza nini. Hicho Kiingereza atakiokota wapi kama hasomi? Wakampa dakika 40 za Ijumaa mchana, muda ambao hakuna mwalimu anayeugombea.

Kikao cha wazazi kilikuwa kimbembe kingine. Mzee mmoja alisimama akasema binti akizoea hadithi za mapenzi anaharibika. Mdogo wangu hakubishana. Alimwita mwanafunzi wa Kidato cha Pili awasomee kurasa mbili za Watoto wa Mama N'tilie, kitabu cha Emmanuel Mbogo. Sasa fikiria, pale Mikumi mjini wako akina mama wanaosomesha kwa sahani za wali, wakiwauzia madereva wa malori ya barabara kuu. Ukumbi ulinyamaza. Yule mzee aliuliza kitabu kinarudishwa lini, na kama mzazi naye anaruhusiwa kuazima.

Kimapenzi lakini mambo ni magumu, nisiwadanganye. Usiku simu inaita. "Mimi au kabati?" Anamjibu kwa utani kwamba kabati halijaleta posa, ila akikata simu anakaa kimya muda mrefu. Anampenda yule kijana. Anajua pia kwamba akiondoka leo, daftari halina mwenyewe na kufuli zinarudi.

Akina kaka msinikasirikie, lakini nina swali. Angekuwa bwana ndiye kapangiwa Mikumi, si bibi harusi angeambiwa afungashe amfuate? Kamati ya harusi ingechangisha hadi nauli.

Mawifi niliwapa ripoti yangu: yule "mtu" ana milango miwili ya mbao na kutu kwenye bawaba. Hawakucheka.

Juzi mchumba alinipigia akiuliza mabasi ya kupita Mikumi yanaondoka saa ngapi. Nikamwambia apande la alfajiri linalokwenda Iringa, siku ya Ijumaa, awahi zile dakika 40.