Watoto wa Rabai na Kitabu cha Kwanza

Mtu atokaye Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, akifika Mazeras, huiacha barabara ile na kushika njia ya mkono wa kulia iendayo Kaloleni. Muda si mrefu huwa amekwisha ingia katika vilima vya Rabai, nchi ya minazi, miembe na mikorosho. Hapa ndipo kwao Warabai, mmoja wa jamaa tisa za Mijikenda. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, pamoja na ya Rabai, iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia.

Juu ya kilima lipo kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887, na karibu yake jumba la zamani zaidi ambalo sasa ni makumbusho. Wageni wengi huja kuyatazama mawe haya, kisha hurudi Mombasa. Lakini jambo kubwa la Rabai si mawe, ni watoto. Kwa maana kazi iliyoanzishwa pale zaidi ya miaka 170 iliyopita bado yaendelea kila asubuhi katika shule za vilima vile.

Mwanzo wa kazi

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki kwa homa. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na mwenziwe Johannes Rebmann. Tusidhani kwamba kabla yao pwani haikujua kusoma. Vyuo vya Kurani vilikuwapo Mombasa karne nyingi, na Krapf mwenyewe alisaidiwa katika Kiswahili na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhidin. Jambo lililokuwa jipya Rabai ni kuiandika lugha ya watu wa vilimani. Mwaka 1848 kilipigwa chapa Bombay kitabu kidogo cha kufundishia herufi katika lugha ya Warabai, na Injili ya Luka vilevile.

Wanafunzi walikuwa haba sana. Mmoja wa wa kwanza alikuwa kilema jina lake Mringe, aliyebatizwa mwaka 1851 karibu na kufa kwake. Mavuno yalichelewa, lakini mbegu ilikwisha pandwa.

Baadaye Rabai ilikuwa kimbilio la watumwa waliowatoroka mabwana zao. Mtumishi wa kanisa aliyewapokea, William Jones, alikuwa Mwafrika ambaye mwenyewe aliuzwa utotoni, akaokolewa na kusomeshwa Bara Hindi. Mabwana walipokuja kudai watu wao, ilikubaliwa walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Tafakari, ndugu msomaji: mtu aliyehesabiwa kuwa mali ya mwenziwe apewa karatasi isemayo kuwa yu huru. Je, si afadhali aweze kuisoma mwenyewe?

Wanalojifunza leo

Siku hizi walimu wa shule za umma huajiriwa na serikali, na kanisa limebaki kuwa mfadhili. Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 yampa mfadhili nafasi ya kulea watoto kiroho, lakini yamtaka ailinde imani ya watoto wa dini nyingine. Tangu mwaka 2003 karo ya shule za msingi za umma ilifutwa, na mwaka 2019 mtaala mpya wa umilisi ukaanza katika madarasa ya chini.

Mtoto wa Gredi ya kwanza hujifunza lugha ya nyumbani, Kiswahili, Kiingereza, hesabu, mazingira, sanaa na dini. Katika hesabu hupewa vijiti, punje za mahindi au vifuniko vya chupa, ajumlishe kwa mikono kabla ya kujumlisha kwa kalamu. Katika mazingira hufundishwa kunawa mikono, kutunza mimea na kutazama hali ya hewa. Katika dini husikia habari za uumbaji, hufundishwa kuomba, kuwatii wazazi na kugawana na wenzake alicho nacho.

Lakini somo linalozusha maneno mengi miongoni mwa wazazi ni lugha ya nyumbani. Wako wasemao, “Mwanangu alikijua Kirabai kabla hajaja shuleni, mfundisheni Kiingereza.” Neno hili lina uzito, kwa maana mitihani mingi huandikwa kwa Kiingereza, na mzazi aliyeuza nazi zake anunue sare na madaftari ana haki ya kuuliza faida.

Hata hivyo tutazame kazi yenyewe. Mtoto asomaye kwa mara ya kwanza ana kazi ya kutambua herufi na kazi ya kufahamu neno. Akipewa neno “madzi”, akiisha kulitamka tu amelifahamu, maana ndiyo maji ayatekayo na mama yake. Akipewa neno la Kiingereza asilolijua, hulitamka kama kasuku. Naye aliyekwisha soma “madzi” na “mudzi” hana mlima mrefu wa kupanda ili asome “maji” na “mji”; herufi ni zile zile, na ujuzi ni ule ule. Kiingereza kitakuja, tena kitamkuta mtoto amekwisha jua kusoma ni nini.

Basi mzazi asiidharau saa moja ya lugha ya nyumbani. Jioni mtoto arudipo, amketishe karibu na taa, ampe kitabu chake, amwambie asome kwa sauti. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kutambua kama mtoto asoma sawasawa, kwa sababu maneno ni yake mwenyewe. Katika lugha ya kigeni hawezi kuwa mwalimu wa mwanawe. Katika Kirabai aweza.

Wahenga walisema, “Mwacha asili ni mtumwa.” Katika vilima vya Rabai, ambako watu walipewa hati za uhuru, methali hiyo haihitaji kufafanuliwa.