Nguvu za Shujaa na Swali la Mwanafunzi

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisomesha Utendi wa Fumo Liyongo katika darasa la Kiswahili hapa Uganda. Tulikuwa tumefika pale ambapo mwana wa Liyongo, aliyekwisha kuahidiwa uwaziri na binti wa mfalme, anamwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo anatambua kwamba mtoto ametumwa; hata hivyo anamjibu kuwa ni sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "Liyongo alijua. Basi kwa nini alimwambia?"

Tulimjibu kwamba ndivyo alivyopenda mtunzi, tukaendelea na vina na mizani. Kijana akaketi. Wiki ile ile tuliwapa wanafunzi insha juu ya shujaa wampendaye, na hakuna hata mmoja aliyemwandika Liyongo. Wote waliandika juu ya watu warukao angani na kuinua magari kwa mkono mmoja. Tuliwapa alama za chini, na pembeni tukaandika kwa wino mwekundu: "Upuuzi wa sinema." Leo twaandika makala haya kwa kuwa tumekuja kutambua kwamba upuuzi ule ulikuwa wetu sisi.

Wasomaji waishio Kampala na miji mingine ya nchi hii wanavijua vibanda vya video. Mfasiri huketi na kipaza sauti, akawasimulia watazamaji kwa Kiganda yasemwayo na yatendwayo katika picha, na aghalabu akatia na chumvi yake mwenyewe. Humo ndimo wengi wa wanafunzi wetu walimokutana na mashujaa wao. Filamu zipendwazo humo ni zile zenye kishindo, maana jumba linaloporomoka halihitaji kufasiriwa. Filamu ya baba na mwana waliokaa kimya mezani haimpi mfasiri nafasi ya kung'ara, na katika vibanda vya jirani nasi hatukupata kuiona hata moja ya namna hiyo. Kwa hiyo yote tuliyoyajua sisi walimu kuhusu filamu za mashujaa ni zile kelele tulizozisikia tukipita njiani kurudi nyumbani.

Mwalimu mwenzetu mmoja ndiye aliyetuazima diski ya filamu iitwayo Unbreakable, yaani Asiyevunjika, iliyotengenezwa Marekani mwaka 2000 na kuongozwa na M. Night Shyamalan. Mwaka mmoja kabla yake, mwongozaji huyo alikuwa amejipatia sifa kubwa kwa The Sixth Sense, filamu ya mtoto aonaye wafu. Watu wakaja kuitazama hii mpya wakitarajia mizimu mingine, nao wakamkuta mlinzi wa uwanja wa michezo anayetembea polepole kama mtu aliyebeba mzigo asiouona. Wengi walitoka wamevunjika moyo. Jina lake lilipanda baadaye, kidogo kidogo, na mwongozaji akaifuatishia Split mwaka 2016 na Glass mwaka 2019. Hata hivyo, mashujaa wanapotajwa, bado huitangulia filamu nyingine nyingi ambazo hazistahili kuitangulia.

Mlinzi huyo, David Dunn, anaigizwa na Bruce Willis. Treni aliyoipanda inaanguka karibu na Philadelphia. Abiria wote wanakufa isipokuwa yeye, na mwilini hana hata mkwaruzo. Ndipo anapotokea Elijah Price, aigizwaye na Samuel L. Jackson, mtu ambaye mifupa yake huvunjika kama kioo, akamwambia kwamba huenda yeye ndiye shujaa wa vile vitabu vya katuni. David hataki kusadiki. Anayesadiki ni mwanawe mdogo, Joseph. Baba anapojaribu kuinua vyuma, mtoto humwongezea uzito kwa siri, na uzito wote unainuka.

Kisha yaja tukio ambalo kwa ajili yake tumeamua kuandika. Jikoni, mbele ya mama yake, Joseph anamwelekezea baba yake bastola. Hana chuki hata chembe. Ataka kuonyesha kwamba risasi haitamdhuru, ili mabishano yaishe. Baba hajui kama yeye ni wa kufa au si wa kufa. Nguvu zake zote, kama anazo, hazimfai kitu pale. Anamwambia mtoto kwamba akipiga risasi ile, yeye ataondoka aende New York, asiishi naye tena. Mtoto anaishusha bastola. Kilichomwokoa baba ni kwamba mwanawe aliogopa kumkosa.

Tulipofika hapo tulisimamisha picha, tukamkumbuka kijana wa safu ya nyuma. Tulikuwa tumesomesha utendi ule, uliotungwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, kana kwamba ni habari za mtu mwenye misuli. Kumbe habari yenyewe ni ya nyumba. Liyongo alipofungwa, tupa iliyofichwa ndani ya mkate ilitosha kumtoa gerezani. Mbele ya mwanawe hakuna tupa. Angeweza kudanganya, akaishi. Lakini angeishi akiwa mtu asiye na mwana, anayelala na jicho moja wazi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sisi twaona kwamba alimwambia kwa sababu baba aliyejificha kwa mtoto wake amekwisha kuwa nusu maiti. Wengine watafasiri vingine, na utendi unawaruhusu. Lisiloruhusiwa ni jibu letu la siku ile.

Hata sehemu dhaifu za mashujaa hawa wawili zinastahili kuwekwa pamoja darasani. Wa Lamu ana kitovu, mahali ambapo kila mwanadamu aliunganishwa na mama yake. Wa Philadelphia ana maji: anapokwenda kuiokoa familia iliyotekwa nyumbani mwake, anatumbukia katika bwawa la kuogelea na kuzama, na wale watoto aliokwisha kuwafungua kamba ndio wanaomnyoshea mti akaushika. Shujaa ameokolewa na aliowaokoa. Katika filamu nyingi za kishindo jambo hilo lisingewezekana, maana huko watu wa kawaida kazi yao ni kupiga mayowe.

Baada ya hapo tulianza kutafuta nyingine zilizosahauliwa, na mbili zatosha kutajwa hapa. Ya kwanza ni The Meteor Man ya mwaka 1993, iliyoandikwa na kuongozwa na Robert Townsend, ambaye ndiye pia mwigizaji wake mkuu. Ilitangulia Black Panther kwa miaka 25, na haikupata hata sehemu ndogo ya shangwe ile. Shujaa wake ni mwalimu wa shule mjini Washington, mtu mwoga anayeshauri kukimbia kuliko kupigana. Kimondo kinamwangukia usiku alipokuwa akiwakimbia wahuni, naye anapata nguvu. Lakini woga haumtoki: aogopa kwenda juu, kwa hiyo huruka karibu sana na ardhi, na vazi lake la kishujaa anashonewa na mama yake. Akishika kitabu, yote yaliyomo humwingia kichwani papo hapo, kisha baada ya muda mfupi yakatoweka. Mwalimu gani hatacheka hapo, akiwakumbuka wanafunzi wake siku moja baada ya mtihani?

Filamu hiyo ina kasoro zake. Vichekesho vyake vingine ni vya kulazimisha. Lakini karibu na mwisho nguvu za mwalimu zinakwisha, wahuni wamesimama mbele yake, na majirani waliokuwa wakichungulia madirishani wanalazimika kuamua kama watatoka nje au la. Twawaachia wasomaji wakaone wenyewe.

Ya pili ni Fast Color, iliyoongozwa na Julia Hart na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2018. Kutoka kwake katika majumba ya sinema mwaka uliofuata kulikuwa kudogo mno, na mapato yake Marekani hayakufika dola 100,000, fedha ambazo filamu kubwa hupata kabla jua la siku ya kwanza halijachwa. Inasimulia juu ya nchi isiyonyeshewa kwa miaka minane, ambako maji huuzwa kwa kipimo na kwa bei ya kuumiza. Ruth, aigizwaye na Gugu Mbatha-Raw, hushikwa na kifafa ambacho hutetemesha ardhi. Akikimbia watu wanaotaka kumchunguza, anarudi kwa mama yake, ambaye ndiye aliyemlea binti wa Ruth. Wanawake wa ukoo huo wana uwezo wa kukivunja chombo kikawa vumbi la rangi, kisha wakakirudisha kama kilivyokuwa. Lakini mama ameweka sheria: kilichokuwa kimevunjika tangu mwanzo hakitengenezeki. Filamu nzima ni mabishano ya bibi, mama na mjukuu juu ya sheria hiyo, na karibu hakuna ngumi ndani yake. Anayeishi katika nchi inayongojea masika ataielewa pasipo mfasiri.

Mwaka jana tuliionyesha sehemu ile ya jikoni darasani, tukausoma utendi siku hiyo hiyo, kisha tukalirudia swali la zamani kana kwamba ni letu. Mjadala ulikula vipindi viwili. Binti mmoja ambaye kwa kawaida huogopa kusema Kiswahili alisimama akasema: "Mwana wake hakuhitaji sindano. Alipouliza tu, alikuwa amekwisha kumchoma." Wengine walimpinga, na kwa Kiswahili walimpinga, wakitafuta maneno, wakisahihishana ngeli bila ya kuamriwa.

Tungependa walimu wenzetu wajaribu hivyo hivyo, wala hapahitajiki zaidi ya dakika tano za picha na beti chache za utendi. Watakaofanya hivyo tunawaomba wasifute insha za warukao angani kwa haraka kama tulivyofanya sisi. Wamwulize mwandishi: shujaa wako akirudi nyumbani usiku, nani anamfungulia mlango?

Yule kijana alikwisha kumaliza shule. Jibu lake hatukupata kumpa.